Biasha na Upande wa Pili wa Mti

Amahoro, wasikilizaji wapendwa. Kabla sijaendelea, simameni. Ndiyo, nyinyi. Wewe uliyekijaza kiti chako hapo Magara, na wewe uliyelala na redio juu ya tumbo. Simameni kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hangependa kukumbukwa na watu waliokaa.

Bi Biasha binti Hamissi amefariki. Amefariki Jumatatu, hapa Rumonge, nyumbani kwake nyuma ya soko. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Biasha, yule wa mashine ya mawese, ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tangu Jumatatu nasikia sifa. Watu wa baraza la sokoni wanasema alikuwa mwanamke mpole, mwenye subira. Mpole? Hao hao ndio waliomwita punda wa Mulamba, na huyo Mulamba tutamfikia. Wasikilizaji wapendwa, Bi Biasha hakuwa mpole, na nyinyi hamkuwa wapole kwake. Leo tuseme yalivyokuwa, halafu mtakuwa na wiki nzima ya kunichukia.

Alizaliwa Kigwena, katikati ya michikichi. Baba yake alikata vishada vya chikichi, yeye alivibeba kichwani mpaka Rumonge. Kwa miguu. Kwenda na kurudi. Shikeni hapo kwenye miguu, ndiyo habari yetu ya leo.

Mwaka wa sitini na mbili, Julai, uhuru ukafika. Wanawake wa Kigwena walikuja mjini wakicheza ngoma njia nzima, na Biasha alikuwa mbele. Kando ya barabara alisimama kijana mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, jina lake Asmani, pamoja na mama yake, Bi Kadidja. Mwana akaona mke. Mama akaona kitu kingine. Maneno yake tunayo, ameyahifadhi mjukuu wake, Sikujua, binti wa marehemu.

"Bibi alisema, 'Yule musichana iko na miguu ya kukanyagia udongo wa matofali. Nani atamulisha?' Aliyasema mbele ya mama yangu. Mama akamjibu, 'Nitajilisha miye mwenyewe, na weye nikikuhurumia.' Ndivyo walivyojuana."

Asmani akaoa. Bi Kadidja alihudhuria harusi kama mtu anayehudhuria kesi ya jirani. Wakaishi nyumba moja, mke na mama mkwe, wakigombania ufagio, chumvi na mahali pa kuanika nguo. Asmani alikaa katikati yao akicheka. Alikuwa na kazi hiyo, pamoja na ndagala.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa damu.

Wasikilizaji wapendwa, siasa sitaingia. Muda ni mfupi na directeur wangu, mkuu wa redio hii, ana moyo dhaifu. Mliokuwepo mnajua, na ambao hamkuwepo mliwaona wazazi wenu wakinyamaza. Nitasema la nyumba hii tu. Asmani alikwenda Gitaza kuchukua ndagala. Njiani, barabara ya ziwa, gari lilisimamishwa akaitwa ashuke. Waliomwita hawakusema wanampeleka wapi. Hakurudi. Narudia: hakurudi, na hakuna aliyeleta mwili wala habari.

Hapo Bi Kadidja alifanya jambo ambalo hata mwalimu wa chuo cha Kurani alishindwa kulipa jina. Alimkalisha mkaza mwanawe eda. Kwa wasiojua, eda ni muda ambao mwanamke aliyefiwa na mume anakaa nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi, bila pambo wala matembezi. Aliyefiwa, nimesema. Lakini mama huyo huyo alikataa kusema kwamba mwanawe amekufa. Jirani aliyetamka neno "marehemu" alifukuzwa na ufagio, ule ule wa ugomvi. "Asmani amechelewa," alisema Bi Kadidja. "Barabara mbaya."

Kwa hiyo Rumonge ikawa na mjane wa mtu aliyechelewa.

Biasha alikaa. Miguu iliyozoea njia ya Kigwena ikakunjwa kwenye mkeka, uso ukutani. Kwanza usingizi ulikwenda, kisha chakula, kisha maneno. Miguu ikavimba. Sikujua alikuwa mtoto wa kuanza shule, na anakumbuka jambo moja kuliko yote.

"Mama alikuwa anasali, anaanza Alhamdu, akifika katikati anakwama. Anarudi mwanzo, anakwama pale pale. Bibi alikuwa anamwangalia tu. Siku moja akasema, 'Uyu amerukwa na akili. Mwenda wazimu hawezi kulea mutoto wa mwanangu. Mashua ikipatikana, Sikujua anakwenda Kigoma kwa dada yangu.' Akafunga nguo zangu kwenye khanga, akaweka furushi pembeni ya mlango. Mama akaliona."

Mnaona mtego huo, wasikilizaji wapendwa? Akiendelea kukaa, akili inakwisha na mtoto anachukuliwa. Akitoka, amevunja eda, hana haya, na mtoto anachukuliwa vilevile. Na majirani wema, hao wa baraza, walikuwa tayari wanabishana mtoto atavaa nini safarini.

Asubuhi moja Biasha aliinuka. Akashika ukuta, akapita mbele ya furushi, akatoka. Alikwenda kwa mzee Mulamba.

Mzee Mulamba, mtu wa asili ya Kongo, alikuwa na mashine ya kukamua mawese. Vijana wa leo mnaijua ya mota. Ile ilikuwa pipa la chuma lenye skrubu nene katikati. Juu ya skrubu umepita mti mrefu. Chikichi zilizochemshwa zinatiwa ndani ya pipa, watu wanashika mti huku na huku, wanausukuma wakizunguka, na mafuta yanatoka chini. Mti una pande mbili. Shikeni na hilo.

Mulamba bado yu hai, na bado hana adabu. Nilikwenda kumpa pole, akaniuliza kama redio inalipa. Kisha akasema:

"Sikumuita. Alikuja kama kivuli, akashika mti. Nikamwambia, 'Mama, huku hakuna kazi ya bamama wagonjwa.' Akasukuma. Nikasema haya, akianguka nitamuegemeza kwenye makapi. Hakuanguka, bwana. Mzunguko wa kwanza analia. Mingine anahema. Baadaye nasikia anasoma. Anapiga hatua, anatoa neno. Ile Alhamdu, akaimaliza. Akarudia, akaimaliza tena. Mimi nilikuwa na deni la sala za miezi, nikaona aibu nikaenda kukata kuni."

Hivyo tu. Dawa hakunywa, hirizi hakuvaa. Alizunguka. Miguu ikaanza, pumzi ikafuata, na ulimi ukaja nyuma yake ukivuta sala kwa kamba. Jioni alirudi nyumbani, akala, akamwambia binti yake, "Nipe maji." Maneno mawili. Sikujua anasema aliyapokea kama sikukuu.

Mji haukufurahi. Mjane anafanya nini barabarani? Siku ya pili wakaanza kumwita punda wa Mulamba. Siku ya tatu mtu alimwaga maji machafu njiani kwake, na ninamjua, na yeye anajua kwamba namjua. Salamu zako nimezipata, mama, lakini sitazisoma.

Bi Kadidja akaenda kwa yule mwalimu wa chuo, Abdulhamid, kushitaki. Sikujua alipelekwa naye, kama ushahidi. Mwalimu alisikiliza, akauliza swali moja.

"Bi Kadidja, Asmani amekufa?"

"Amechelewa."

"Kama amechelewa, mke wake hana eda. Mwache afanye kazi. Kama amekufa, ana eda, nayo inaanzia pale tutakapojua. Na hata mwenye eda akikosa wa kumlisha, anatoka mchana kutafuta riziki, usiku analala kwake. Sasa niambie. Amekufa?"

Bi Kadidja alisimama. Alitoka bila kuaga na kwenda moja kwa moja kwa Mulamba, huku mtoto akikimbia nyuma.

Biasha alikuwa upande mmoja wa mti, na kibarua wa Mulamba upande wa pili. Bi Kadidja alimsukuma kibarua, akaushika mti ausimamishe.

"Simama, weye usiye na haya."

"Simama weye, mama. Mashine imeshika."

Wasikilizaji wapendwa, mti ule ukiwa katika mwendo haujui mama mkwe. Ulimvuta. Bi Kadidja alikuwa mzito wa mwili na mzito zaidi wa kiburi, hakutaka kuachia. Kwa hiyo akatembea. Akatukana akitembea. Biasha akajibu akitembea.

"Unacheza ngoma juu ya mume wako."

"Sukuma, mama."

"Nilikujua tangu uhuru. Miguu tu, akili hakuna."

"Mwanao aliipenda. Sukuma."

"Mwanangu alikuwa mujinga."

"Alikuwa?"

Hapo Bi Kadidja akasukuma. Wakazunguka, mafuta yakitoka, Mulamba akishindwa kufunga mdomo. Na mahali fulani katika kuzunguka huko, bila mtu kumuuliza tena, mama huyo akasema, "Mwanangu amekufa." Akapiga hatua. "Mwanangu amekufa." Akapiga nyingine. Alilisema mpaka chikichi zikakauka.

Hawakukumbatiana. Najua mlikuwa mnangoja. Sikujua ndiye aliyekuwepo, msikilizeni:

"Walipomaliza, bibi alijifuta uso, akasema, 'Unasukuma vibaya.' Mama akasema, 'Weye ulikuwa umening'inia kama nguo.' Tukarudi nyumbani wote watatu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi katikati."

Jioni hiyo mwalimu aliitwa, dua ikasomwa kwa sauti ndogo, milango imefungwa. Mwaka ule hata kilio kilikuwa na wasikilizaji wake. Eda ya kweli ikaanza. Na kila asubuhi Biasha alikwenda kutafuta riziki ya mchana, kama ilivyoruhusiwa. Na kila asubuhi Bi Kadidja alimfuata. "Ninamulinda asicheze," aliwaambia watu. Akashika upande wa pili wa mti.

Mashua ya Kigoma ilikuja. Ikaondoka. Bi Kadidja alisema mtoto atakwenda ijayo. Ya pili nayo ikaondoka. Furushi lilikaa pembeni ya mlango mpaka siku Bi Kadidja alipohitaji ile khanga, akalifungua, akazirudisha nguo mahali pake bila kumwambia mtu. Narudia kwa waliosahau lililokuwa hatarini: mtoto hakupelekwa Kigoma.

Na chuki haikuisha, msidanganyike. Walichukiana mpaka kifo. Lakini angalieni mti ule. Wawili wakishika pande mbili, kila mmoja anamfukuza mwenzake, na hakuna anayemfikia. Walifukuzana hivyo miaka na miaka. Walilala vizuri, walisali bila kukwama, walikula kama watu. Bi Kadidja alipofariki, Biasha alikwenda kwa Mulamba kesho yake, akashika mti, akasimama. Mulamba akamuuliza kuna nini. Akasema, "Sasa nitamufukuza nani?" Sikujua, mwanamke mzima wakati huo, akavua viatu, akashika upande wa pili.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Sikujua na wanawe. Pole kwa ndugu wa Kigwena. Pole kwa mzee Mulamba, ambaye mashine yake ya zamani bado iko uani, kutu nusu, na hataki kuiuza. Mungu amrehemu Bi Biasha, amrehemu Bi Kadidja, na awaweke mbali kidogo, wasigombanie kivuli.

Na wewe unayesikiliza. Umekaa na jambo lako muda gani? Uso umeuelekeza ukuta gani? Hakuna aliyekwambia usilie. Umeambiwa tu uinuke, utembee nalo.

Kesho baada ya sala ya alfajiri, Sikujua atatia chikichi kwenye ile mashine ya zamani, sadaka ya mama yake, mafuta yatagawiwa majirani. Atashika upande mmoja. Upande wa pili hauna mtu. Marafiki wa marehemu wanakaribishwa, ingawa ni wachache. Nyinyi wa baraza la sokoni, mliomchukia vizuri miaka yote hii, njooni kwanza nyinyi. Mti unawajua watu wa aina yenu.