Bidon Zilizokalia Viti vya Raia

Mheshimiwa mjumbe wa serikali, uliyeshuka jana kwenye ndege kutoka Kinshasa na bado hujazoea baridi yetu ya asubuhi. Bwana Injinia wa mradi wa maji. Bwana Kamanda wa polisi, pamoja na vijana wako waliosimama juani. Baba Pasta na Shehe wetu. Ndugu Yves wa protokole, usiyechoka kunionyesha saa. Wageni waalikwa wote mliokaa chini ya hema kuzindua robine yetu mpya, bomba la kutekea maji. Na nyinyi pia, bidon za njano, madumu yetu ya maji, mliojaa kwenye viti vya raia: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake.

Mnisamehe hiyo salamu ya mwisho. Mimi Hippolyte, shefu wa kartiye hii, mkuu wa mtaa, nimesema mbele ya harusi, mbele ya matanga, mbele ya ndugu walioshikana mashati kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, lakini sijawahi kusimama mbele ya bidon. Je, bidon inaambiwa hujambo? Inaambiwa keti, nayo imeshaketi? Leo nimechanganyikiwa, Mheshimiwa, na ni afadhali niseme mapema, kwa sababu hotuba yangu itakwenda hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kwa wewe usiye mwenyeji, nieleze kidogo. Hapa Bunia mtu hapangi mstari kwenye robine. Bidon ndiyo inayopanga. Mama anaiacha mstarini alfajiri, anakwenda sokoni kuuza majani yake ya sombe, anarudi jua likiwa kali na kuikuta karibu na maji, maana majirani wamekuwa wakiisukuma mbele kidogo kidogo. Hakuna anayeiba nafasi ya bidon. Nimeamua kesi za watu waliochukuliana waume, nazo zilikuwa na kelele ndogo kuliko za waliorukiana mstari.

Ndiyo maana leo asubuhi Yves alipokuta bidon juu ya kila kiti cha raia, alinijia akicheka: «Shefu, usiogope, batu bako mu njia. Bashatanguliza bidon.» Tukafurahi wote wawili. Tukangoja. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikarudia za kwanza. Mheshimiwa akafungua chupa yake ya pili ya maji. Mwishowe Yves akasogea, akainua bidon moja, kisha nyingine. Zote tupu, na zote zimewekwa kichwa chini, mfuniko kwenye kiti. Sasa, bidon iliyopinduliwa kwenye mstari, kwetu siye, ni bidon ya mtu aliyeyakataa maji. Hatukuwa tunangoja watu wanaokuja. Tulikuwa tunangoja watu waliokwisha kujibu.

Bwana Kamanda aliniuliza pembeni kama haya ni maandamano. Swali ni la haki, maana tuko katika état de siège, chini ya utawala wa jeshi, na mkusanyiko usio na ruhusa umekatazwa. Nikamjibu kwamba sheria inataja watu, bidon sijasikia zikitajwa. Akafikiri, akasema atauliza juu. Nadhani bado anauliza.

Mfukoni mwangu nina maneno niliyoandikiwa na mradi ili niyasome hapa. Yanaanza hivi: «Raia wa kartiye yetu wana furaha isiyo na kifani.» Nimewatazama raia wangu tangu nisimame. Mheshimiwa, hawana hata mdomo.

Basi niseme ninachokijua, kisha nitasema nisichokijua, ambacho ni kingi zaidi. Ninajua kwamba mtaro wa bomba hili ulichimbwa kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Kila Jumamosi nilipiga filimbi, na watu wakatoka na jembe, akina baba na akina mama, hata wale waliokimbia vita vya Djugu wakakaribishwa na familia za hapa. Hao hawakuwa na shamba, lakini salongo hawakukosa. Mama Régine, mmoja wao, alichimba pale kwenye kona ya mawe, mahali ambapo wanaume walikuwa wameacha. Niliwaambia nini? Niliwaambia, kama nilivyoambiwa na mimi, kwamba maji haya ni yetu. Hakuna aliyetaja deni. Kama lilitajwa, lilitajwa kwa Kifaransa kirefu, nasi tulikuwa na matope masikioni.

Robine ikakamilika, nzuri, inang'aa kama mnavyoiona. Ndipo tukaelezwa kwamba pesa za mashine na za bomba serikali ilizikopa, kwamba mkopo hurudishwa, na kwamba kila bidon itakuwa na bei yake. Na kwa sababu hakuna anayenunua kitu akipata kama hicho bure, robine ya zamani, ile ya chemchemi ya mlimani, yenye maji kidogo lakini ya kila mtu, ikatiwa kufuli. Ufunguo nikapewa mimi niutunze. Uko hapa, kwenye mfuko wa pili.

Siku hiyo Mama Régine alikuja nyumbani kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibao, akaniuliza: «Shefu, hii deni miye nilikulaka lini? Nilitoka Djugu na mutoto ku mugongo na sufuria moya. Kama nilikula deni, banionyeshe sahani.»

Nani kati yenu, wageni waalikwa, angemjibu? Mimi nilimwambia arudi Jumatatu, kama tunavyosema sisi viongozi tukikosa jibu. Kisha nikaenda kuitafuta hiyo sahani.

Nilimwendea Bwana Injinia, na leo sitamsema vibaya, maana alinipokea vizuri. Alisema mashine inakunywa mafuta, mlinzi anakula, bomba linapasuka, na maji ya bure huisha yote siku moja. Nikaona ana haki. Nikatoka pale, nikapita kwa mwalimu Serge, anayefundisha uchumi kwenye shule ya sekondari, nikamwambia anieleze bila ubao. Akasema nchi ilikopa ijenge, ikakopa tena ilipe kile ilichokopa, mpaka wakopeshaji wakasema: funga mkaba wa kiunoni, punguza matumizi, usiajiri wauguzi wengine, maji usigawe, uza. Nikamuuliza, mkaba wa tumbo la nani? Serge akatazama tumbo langu, ambalo linajulikana kartiye nzima. Nikaona na yeye ana haki. Tangu siku hiyo kila mtu ninayemsikiliza ana haki, na ndiyo maana sipati usingizi.

Nilidhani ni shida ya Bunia peke yake. Binti yangu Joëlle akafungua telefone yake, akanionyesha dunia. Nikaona vijana wa Nairobi wamejaa barabarani kukataa sheria ya kodi, wanakimbizwa na moshi, wengine wanaanguka na hawaamki. Na Rachidi, dereva anayetuletea saruji kupitia Mahagi, akaniapia kwamba ni kweli, yeye mwenyewe alikwama kule na lori. Nikaona watu wa Sri Lanka, waliopanga mistari ya mafuta mpaka wakalala humo, wakiingia ikulu na kuogelea kwenye maji ya rais wao. Nikaona Ugiriki, wazee kama mimi mbele ya benki iliyofungwa, mmoja ameketi chini analia. Na Argentina, zamani kidogo, akina mama wametoka nje na sufuria tupu, wanazipiga kwa vijiko. Nikamuuliza Joëlle: kati ya hawa wote, ni nani aliyelikula hilo deni? Akasema: «Papa, kila pahali banauliza sawa Mama Régine.»

Leo nilipoziona bidon hizi nilimwita Joëlle nimuulize kama ni yeye aliyewafundisha akina mama mambo ya sufuria za Argentina. Akacheka mpaka akashika mbavu. «Papa, Argentina iko wapi, na Mama Régine iko wapi? Hakuna mwenye aliwafundisha.»

Sasa hapa ndipo moyo wangu unapouma, na naomba mnivumilie. Mama Régine hakurudi Jumatatu. Robine ya zamani ilipofungwa, alianza kuteka kwenye kijito cha Nyamukau, yeye na wenzake wasio na franka za kununua bidon baada ya bidon. Mtoto wa binti yake, msichana mdogo anayeitwa Plamedi, sasa amelazwa kwenye kituo cha afya, dripu ya serumu mkononi, macho yamezama. Nilikwenda kumwona. Muuguzi Brigitte yuko pale peke yake, kwa sababu aliyekuwa amsaidie hakuajiriwa, na yeye mwenyewe mshahara anausikia kwa jina. Aliniangalia mimi, akaangalia mfuko wangu wenye ufunguo, maana katika kartiye hii hakuna siri, akasema: «Shefu, maji ya bure yenye ilibakia ni ya mutoni. Na batoto bote bako huku.»

Mheshimiwa, nimekuwa na hasira na wewe usiku na mchana kabla hata hujafika, kisha nikakuona jana ukishuka ndege umebeba sanduku lako mwenyewe, mtu mpole, nikagundua kwamba na wewe umetumwa. Aliyekutuma ametumwa. Labda na mkopeshaji ana mtu wake anayemtuma. Sahani inapita kwa mikono mingi, na kila mmoja anasema hakula. Lakini Plamedi ndiye anayelipa, na hajafika hata umri wa kujua kuhesabu. Hilo linanichanganya, na linanitia aibu.

Yves, nimeiona saa. Namaliza.

Kuna kitu nilikiona tangu mwanzo nikajifanya sijakiona. Bidon ya safu ya mbele, ile yenye kamba nyekundu kwenye mshikio, naijua. Kamba hiyo niliifunga mimi, ilitoka kwenye mbuzi wa Noeli. Leo asubuhi, nikivaa koti hili, nilimuuliza mke wangu Espérance kama atakuja kunisikiliza. Akaninyoosha kola, akasema: «Nitakuja. Tangulia.» Kumbe alikuwa ameshatangulia yeye.

Programu inasema kwamba sasa shefu anakata utepe. Makasi haya nimeyashika tangu nianze. Bwana Injinia, robine yako ni nzuri, na siku moja tutakaa tuzungumze bei, mafuta na mlinzi, pamoja na wale waliochimba, siyo mimi peke yangu kwenye kiti cha ofisi. Lakini siwezi kuifungua hii wakati ile nyingine nimeifunga mfukoni mwangu. Sijui deni ni la nani. Sijui kama kesho nitaamka nikiwa shefu. Ninachojua ni kwamba hapa kwetu mstari haurukwi, na waliochimba wako mbele ya waliokopesha.

Makasi nayaweka hapa mezani, hayana kosa lolote. Ufunguo naondoka nao. Nitachukua bidon ile yenye kamba nyekundu, nitaisimamisha wima, na nitaibeba mwenyewe mpaka robine ya zamani, jambo ambalo kartiye hii haijawahi kuliona, kwa hiyo wanaotaka kucheka nawaruhusu. Bidon ya kwanza itakwenda kwa Brigitte, kwenye kituo cha afya.

Asanteni kwa kunisikiliza, wageni waheshimiwa mliokaa chini ya hema, na kwa uvumilivu wenu kwa mzee ambaye leo hana hotuba, ana maswali. Na nyinyi mliosimama nyuma ya fensi za matete mkidhani siwaoni, asanteni kwa kunyamaza, maana nilisikia vizuri. Njooni mchukue bidon zenu. Bwana Kamanda, hao hawakusanyiki, wanakwenda kuteka maji.

Nami, kama leo mchana nitaitwa mahali na nikachelewa kurudi, nawaomba kitu kimoja tu, majirani zangu: bidon yangu isukumeni mbele.