Lala Nipumuke, Bila Majina

Muheshimiwa chef wa kartie yetu ya Katoyi, Muzee Twagirimana. Baba Paroko uliyetuazima hii sale ya kukutania. Papa Edmond, mwenye duka la simenti kule Birere. Papa Onésime, mwenye bafle za kutoa sauti na grupu ya kutoa umeme. Wamama wa korale. Majirani wote wa Katoyi. Na wewe Mama Béata pale nyuma karibu na mulango, na mutoto wangu Victoire mugongoni mwako:

Nimewataja. Naomba kila mutu ajishikie jina lake vizuri, kwa sababu ndani ya wimbo tuliokuja kuusikia leo halimo. Hamna jina hata moja. Papa Onésime, naona unatazama waya yako. Ngoja kwanza nimalize.

Mimi ni Umuhoza, wengi munanijua kwa kusuka nywele. Huu ndio wimbo wangu wa kwanza, unaitwa "Lala Nipumuke". Niliutunga mwaka jana, Victoire alipokuwa anaota meno, nami nasuka wateja siku nzima na yeye mugongoni. Hauna siri kubwa: mama anamuomba mutoto wake alale kidogo, ili naye akae chini. Sikuwa naimbia Goma. Nilikuwa namuimbia mutu mumoja mwenye meno mawili.

Mama Béata, jirani yangu, ndiye aliyeusikia kupitia ukuta wa mbao, akaniambia niupeleke studio. Na tangu siku ile, wapendwa wangu, mimi sijapumuka.

Desturi tunaijua. Mutu akikusaidia kutoa wimbo, unamutupia jina lake ndani ya wimbo, unamutaja kwa sifa. Sikuianzisha mimi, nimeikuta. Papa Edmond alinipa hii nguo niliyovaa, nashukuru, ni nzuri. Akaomba jina lake. Kisha jina la duka. Kisha jina la mama mukwe wake aliye Kalengera, eti ni mugonjwa na atafurahi. Je, ningemukatalia mugonjwa? Papa Onésime akatoa bafle, akaomba atajwe mbele ya kiitikio na nyuma ya kiitikio, ili aliyechelewa naye asikie. Muheshimiwa chef hakuomba kitu. Alituma tu mutu aniulize kama najua jina lake linavyoandikwa. Na wamama wa korale, ninyi munajijua. Tukafika majina kumi na saba katika wimbo wa dakika tatu. Lévi, fundi wa studio, akaniuliza, "Mama Victoire, sasa maneno yako tuyaweke wapi?"

Nami nilikuwa nimekubali yote. Hilo ni kosa langu, nalisema mbele yenu. Nilikuwa nimechoka, na mutu aliyechoka anasema ndiyo ili watu waondoke mulangoni.

Basi Lévi akanitilia wimbo katika simu. Nikafika nyumbani, nikamulaza Victoire, nikauweka. Ubeti wa kwanza, macho yakaanza kufumba, kidole kinywani. Nikasema, Mungu asifiwe. Mara sauti ikalia: "Muzee Twagirimana, nguzo ya Katoyi!" Mutoto akaruka kama aliyemwagiwa maji. Nikamutuliza, nikaanza tena. Safari hii chef akapita salama, pengine alikwisha kumuzoea. Lakini Papa Edmond akamuamusha, yeye na simenti yake. Siku tatu nilijaribu. Niambieni ninyi wenye watoto: wimbo unaomuambia mutoto alale, halafu unamupigia kelele sikioni majina ya watu wakubwa, ni wimbo gani huo? Mutoto wa mwaka mumoja na nusu atafanya nini na simenti?

Nikarudi kwa Lévi, nikamuambia atoe majina. Akaniuliza kama ninaumwa. Akasema watu watasema nimekula, kisha nimepangusa mudomo. Nikamujibu, "Lévi, toa." Akatoa yote, hata langu, kwani nami nilikuwa nimejitaja mara mbili.

Nilitaka kubakiza moja tu, la Mama Béata, aliyemubeba mutoto nje ya studio siku mbili nzima. Akakataa. Akaniambia, "Ukiniweka mule, kesho kartie yote inakuja kuniomba sukari. Mimi nataka huyu alale tu, mugongo unaniuma."

Wababa na wamama zangu, wema wenu sijausahau. Na najua kwa nini mutu anataka jina lake lisikike. Katika muji huu tumekimbia, tumerudi, lava imekula nyumba, makaratasi yamepotea. Mutu akisikia jina lake kwenye redio, anajua bado yuko. Naelewa. Ndiyo maana nimewataja hapa, kwa heshima, mukiwa mumevaa vizuri. Nitawataja kwenye ndoa, nitawataja kwenye foleni ya maji. Lakini hizi dakika tatu ni za mutoto.

Papa Onésime, bafle ni zako, grupu ni yako, na waya imo mukononi mwako. Ukiichomoa, sitakukasirikia. Nitaimba kwa mudomo; mwaka muzima niliuimba bila umeme. Ila geuka kwanza, tazama nyuma. Victoire yuko pale, macho wazi, tangu misa ya asubuhi hajalala, naye amechoka kama mimi. Weka wimbo. Wimbo ukifika mwisho naye bado anatutazama, kesho narudi kwa Lévi, naweka majina yote kumi na saba, na lako naliweka mara tatu. Akilala, basi hakuna maneno tena: kila mutu anatoka polepole, na viti munavibeba, musivikokote.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Papa Onésime, anza. Sauti iwe ya chini.