Bi Adongo na Bustani Isiyo na Geti

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bi Clare Adongo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo cha Bustani na Viwanja. Mimi Kilonzo, karani wa masjala, nimeombwa na wakubwa niandike maneno matamu yasiyozidi ukurasa mmoja. Matamu ni ya Bi Adongo. Machungu wenyewe wagawane.

Aliajiriwa mwaka 1994 kufyeka nyasi, akapanda hadi akawa msimamizi wa bustani za mitaa ya Umoja na Huruma. Katika muda huo kitengo kimepitisha mipango mikuu sita, kila mmoja ukiwa na jalada zuri kuliko uliotangulia. Bustani zilizotokana nayo ni mbili. Moja ni mahali pa kuegesha magari ya wakubwa, palipopandwa maua kandokando.

Nyingine ni Bustani ya Mwangaza, Umoja. Bajeti ya mwaka wa kuijenga ilikuwa na ua wa waya, benchi na nyasi. Geti lilisukumwa hadi mwaka wa fedha uliofuata, maana mtaalamu wetu wa mipango, Bwana Wanyoike, alishauri kazi ifanywe kwa awamu. Mkandarasi akazungusha ua pande zote nne, kama mkataba ulivyosema, akaenda zake. Mwaka uliofuata pesa za geti zikahamishiwa kwenye semina ya Naivasha, ambako tulijadili jinsi ya kuwavutia wananchi waingie bustanini. Sisemi uongo. Nilikuwapo, na chakula kilikuwa kizuri.

Miaka miwili wakazi walitazama nyasi zikikua. Watoto walicheza barabarani wakikwepa pikipiki, na benchi mpya zikanyeshewa bila kukaliwa. Lawama zote alitupiwa Bi Adongo, kwa sababu ndiye aliyepita pale na sare. "Niaje mathe, hii park ni ya kuingia ama ni ya kuangalia tu?" kijana mmoja alimuuliza. Aliandikia ofisi barua tisa. Zote zilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Asubuhi moja akaja na koleo la kukatia waya kutoka nyumbani, sare imepigwa pasi, akakata waya upande wa soko, upana wa mtu na kigari cha mtoto. Akakunja ncha moja moja zisije zikamchana mtu. Kufikia saa sita akina mama walikuwa wameshatandika leso kwenye nyasi, na wazee wamefungua ubao wa drafti. Hapo ndipo wakubwa walipoamka: akaandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Mwezi huohuo ripoti yetu ya mwaka ikatangaza kwamba Mwangaza inapokea wageni mia nne kwa siku. Haya hawana! Picha ya jalada ilipigwa palepale kwenye tundu, Bwana Wanyoike mbele, akitabasamu.

Bi Adongo si malaika. Ni mkali na hasahau kosa. Aliwahi kunifukuza bustanini kwa kukanyaga miche, nami nilikuwa nimempelekea kadi ya Krismasi.

Sasa sikieni. Bajeti ya mwaka huu hatimaye ina pesa za Mwangaza. Si za geti, ni za kukarabati ua ulioharibiwa. Mkandarasi anakuja kuziba Jumatatu, siku ya kwanza ya Bi Adongo nyumbani. Wakubwa waliichagua siku hiyo makusudi, wakidhani hatakuwapo wa kuwasumbua. Akili ni nywele, na wengine tumejaliwa vipara.

Kwani nyumbani kwake ni wapi? Ni Umoja, mkabala na soko, tangu 1998. Juzi aliniambia kwamba Jumatatu saa moja asubuhi atakuwa ameketi ndani ya ua na majirani zake arobaini, na chupa za chai. Mfanyakazi angeamriwa atoke. Mkazi hana mkubwa wa kumwamuru. Nami nimeomba likizo ya siku hiyo, na Bwana Wanyoike ameitia sahihi bila kuuliza ninakwenda wapi.

Asante, Bi Adongo, kwa kuifanya kazi ambayo sisi tulikuwa tukiiandikia mipango. Tunakuombea afya, amani na mapumziko marefu, kuanzia Jumanne.