Katibu Kapewa Pembe Moja

MSUSI: Haloo? Nani huyo ananong'ona kama mwizi wa kuku?

FUNDI: Mimi, shemeji. Fundi rangi. Mume wa marehemu dada yako, kama bado unanikumbuka.

MSUSI: Shem, shikamoo. Mbona namba ngeni?

FUNDI: Marahaba. Simu ya mlinzi wa kanisa hii. Yangu ilitumbukia kwenye kopo la rangi. Na salio lake ni la kuombea, kwa hiyo sikiliza—

MSUSI: Ngoja nizime mashine ya kukaushia nywele, hapa saluni hatusikilizani. [mvumo unakatika] Haya, lete.

FUNDI: Mambo yaliharibika jana, Jumatano, saa ya mazoezi ya kwaya, walipoondoa turubai ukutani.

MSUSI: Ule ukuta wa Ufunuo uliokuwa unawachorea? Umekwisha?

FUNDI: Umekwisha. Na mimi nimekwisha. Wazee wa kanisa wamejifungia ofisini tangu asubuhi wananijadili. Mimi niko juu ya ngazi, naulinda ukuta. Mlangoni wameniwekea ndoo ya chokaa na brashi mpya. Brashi mpya, shemeji. Wakati wote nachora niliwaomba brashi, wakasema hakuna, nikachora na ile yenye upara. Leo ya kufutia imepatikana.

MSUSI: Hao ndio wakubwa. Sasa umechora nini, shem?

FUNDI: Nilichoambiwa. Mnyama anatoka baharini, vichwa saba, pembe kumi.

MSUSI: Kosa liko wapi?

FUNDI: Kwenye vichwa.

MSUSI: Vimezidi?

FUNDI: Vimefanana.

MSUSI: Na nini?

FUNDI: Wazee wa kanisa wako wangapi?

MSUSI: Saba, kwani— Shem. Hapana.

FUNDI: Mwenyekiti nimemweka katikati.

MSUSI: [kicheko] Ngoja. Ngoja nikae. Dada, nisogezee hicho kiti— si wewe shem, ni mteja. Umewachora wazee wa kanisa kwenye mnyama?

FUNDI: Usicheke, mimi niko taabuni. Mimi sikusoma, unajua niliishia darasa la nne. Nikamfuata mchungaji nikamwuliza vichwa hivi maana yake nini, kwa sababu huwezi kuchora kitu usichokielewa. Akanieleza vizuri tu. Kuna wanaosema ni milima, kuna wanaosema ni falme za zamani, ila yeye anafundisha kwamba ni watawala, wakubwa wanaowakalia watu. Nikauliza, watawala gani? Akasema kila mwaminifu ajichunguze, anatawaliwa na nani.

MSUSI: Na wewe ukajichunguza.

FUNDI: Wiki nzima. Sasa mimi rais nitamjulia wapi? Ameninyima nini? Wanaonitawala mimi ni hao. Yule aliyenitoa kwenye kamati ya ujenzi, eti nina mdomo. Yule anayekaa na ufunguo wa choo mfukoni mpaka mtu uombe mbele za watu—

MSUSI: Mzee wa majengo? Naye yumo?

FUNDI: Ana pembe mbili.

MSUSI: [kicheko] Jamani, mbavu zangu.

FUNDI: Na hapo kwenye pembe ndipo mkutano ulipoharibika. Vichwa saba, pembe kumi, hazigawanyiki. Nikampa kila mtu moja, zikabaki tatu. Nikamwongeza mwenyekiti, mzee wa majengo na mzee wa nidhamu. Katibu akabaki na moja.

MSUSI: Kwa hiyo katibu anataka uifute.

FUNDI: Anataka ya pili.

MSUSI: Shem, acha.

FUNDI: Ukuta wa ofisi ni wa mbao, nasikia kila neno. Anasema kama ni kutukanwa, basi watukanwe kwa haki. Yeye ndiye anayebeba kazi zote za baraza, huyo wa majengo kafanya nini hata apewe mbili? Mwenzake akamjibu kwamba pembe ni karama.

MSUSI: [kicheko kirefu] Subirini, nitawaambia— shem, wateja wote wamenizunguka. Kuna mmoja ana dawa kichwani, inamchoma, na hataki kuoshwa mpaka umalize. Haya, mzee wa nidhamu naye je?

FUNDI: Huyo ndiye amekasirika kweli. Si unajua kuna kichwa kimoja kilijeruhiwa, kikapona, dunia nzima ikashangaa?

MSUSI: Ehe.

FUNDI: Nikakumbuka lile jipu lake la shavuni.

MSUSI: Wewe—

FUNDI: Anawauliza wenzake tangu lini jipu la mtu likawa unabii.

MSUSI: [kicheko] Na mke wa mwenyekiti? Ameona?

FUNDI: Alikuja mapema. Akatazama, akaenda chini sakafuni, puu. Nikashuka ngazi mbiombio nikidhani kazimia, kumbe anacheka. Anasema ndiye huyo huyo, akiamshwa kabla ya saa yake. Akaniomba nikifuta, nianzie kwa wengine. Na wale akina mama wa sauti ya pili wamepita hapa mara tatu, eti wanatafuta kitabu cha nyimbo. Kanisa halijawahi kupata watu namna hii siku ya kazi.

[mtandao unakwaruza]

MSUSI: Haloo? Umepotea— haloo?

FUNDI: Nipo. Nimepanda kipandio kimoja juu.

MSUSI: Sasa shem, tumecheka, tuongee. Si uwachoree sura za wanyama tu, yaishe? Jino la pembe si dawa ya pengo. Utashindana nao hadi lini?

FUNDI: Nimekubali tangu jana. Mchungaji kashauri nyuso za chui, nimesema sawa, hata saa hii nawapa chui.

MSUSI: Basi hiyo ndoo ya chokaa ni ya nini?

FUNDI: Ya mwanamke.

MSUSI: Mwanamke gani?

FUNDI: Upande wa pili wa ukuta. Yule aliyevaa jua, mwezi uko miguuni pake.

MSUSI: Huyo tulifundishwa ni kanisa.

FUNDI: Mchungaji anasema hivyo. Wengine wanasema ni taifa la kale, wengine ni mama wa Bwana. Kila mtu na lake.

MSUSI: Na wewe umempa sura gani?

[mtandao unakwaruza]

MSUSI: Shem.

FUNDI: Shingo imetoka ndefu kidogo. Mwanya umekaa sawasawa.

MSUSI: Na nywele?

FUNDI: Upande mmoja umesukwa. Mistari midogo midogo, inarudi nyuma.

MSUSI: Na mwingine?

FUNDI: Nimepanga nyota. Zile kumi na mbili.

MSUSI: Upande ambao sikuumaliza.

FUNDI: Zimekaa vizuri, shemeji. Ukiziona hutajua kama palibaki kitu.

MSUSI: Mambo hayakuharibika Jumatano, shem.

FUNDI: Najua.

MSUSI: Ilikuwa Jumamosi ile. Dada alikuwa amekaa hapa hapa, katikati ya magoti yangu, ananiambia namvuta sana, na ghafla—

FUNDI: Najua. Na mimi nikakimbia hadi mlangoni kwa mwenyekiti, nikamwomba gari la kanisa tumpeleke hospitali. Lilikuwepo. Lilikuwa linaoshwa, likampokee mgeni. Akaniambia tusubiri. Dada yako hakuweza kusubiri. Mwanamke wa Ufunuo alipokimbizwa na joka alipewa mabawa ya tai, mawili. Nimemchorea makubwa, yamefika darini.

MSUSI: Wanasemaje juu yake?

FUNDI: Wanasema yule ni fumbo, na fumbo haliwezi kuwa na mwanya. Nikawauliza kupitia dirishani, mbona linaweza kuwa na jipu?

MSUSI: [kicheko kidogo, anapenga kamasi] Mungu akusamehe. Na mwenyekiti?

FUNDI: Juu ya pua niliyomchorea kaongea saa nzima. Juu ya huyu hajatia neno. Akipita hapa anatazama viatu. Mimi nimewaambia, chui nitawapa, hata pembe nitazing'oa. Huyu wakimpaka chokaa, wanipake na mimi hapa hapa— Ngoja.

MSUSI: Nini?

FUNDI: Gari. Mhubiri mgeni wa semina. Walisema angefika jioni, huyu hapa mlangoni.

MSUSI: Shuka kwenye ngazi, shem.

FUNDI: Sishuki. Wametoka ofisini wote wanakimbia. Wanarudisha turubai— mmoja kashika ncha hii, mwingine ile, wanavutana— limewaangukia. Mzee wa majengo yuko ndani ya turubai, anatembea tu.

MSUSI: [kicheko] Na katibu?

FUNDI: Amesimama mbele ya kichwa chake, kapanua koti akizibe. Lakini kile cha ukutani kinachungulia juu ya bega. Sasa viko viwili, na pembe inamtoka yeye.

MSUSI: Mgeni anafanya nini?

FUNDI: Anatazama mnyama. Anamtazama katibu. Anatazama mnyama. Kaegemea benchi, anacheka. Machozi yanamtoka. Anasema ametembea makanisa mengi, hajaona unabii ulioeleweka upesi namna hii.

MSUSI: Basi umepona, shem.

[mlio wa salio]

FUNDI: Salio linalia. Mlinzi naye anataka simu yake. Salimia huko, tutaongea—

MSUSI: Usikate. Mgeni anasemaje?

FUNDI: Ameacha kucheka. Amefika kwa mwanamke. Ameinua uso, anamtazama. Anamtazama sana. Mzee wa nidhamu amemwonyesha ndoo, amemwambia ukuta huu baraza limemwachia yeye aamue.

MSUSI: Ehe—

FUNDI: Amemgeukia mwenyekiti. Anamwuliza, huyu mwanamke ni nani?

MSUSI: Mwenyekiti anasemaje?

FUNDI: Amevua miwani. Anaifuta.

MSUSI: Anasemaje?

FUNDI: Ameivaa tena. Ameinua macho, shemeji, anamtazama mwanamke. Anafungua m—

[simu inakatika]

MSUSI: Haloo? Shem? Amesema ni nani?