Kidole cha Pindo, Kilichotajwa Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

Benchi lile linatazamana na geti la hospitali, na ukiketi hapo nusu saa unaondoka ukijiona daktari. Ni mbao mbili juu ya matofali, jiko la mkaa, birika la Mama Birika, na wateja watatu ambao siku wakikosekana watu huuliza msiba uko wapi. Wa kwanza ni Gazeti, tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini, mtu asiyeweza kuiona karatasi akaiacha bila kuisoma kwa sauti. Wa pili ni Rula, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ila hesabu zenyewe hazijastaafu. Wa tatu ni Pindo, fundi cherehani, na huyu ndiye tutakayemfuata, maana asubuhi hiyo ndiye aliyekuwa na jambo moyoni. Saa nne alitakiwa kliniki ya mikono. Ulikuwa mwaka wa tano tangu apasuliwe, na kila mwaka, siku ile ile, daktari humwita yeye na wagonjwa wenzake awaulize maswali yale yale. Na kila mwaka Pindo humjibu uongo ule ule.

— Nyamazeni! alisema Gazeti akitokea getini na kikaratasi, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Daktari wetu wa mikono anapewa uprofesa leo! Tangazo limebandikwa pale, nimelinakili lote. Makala za utafiti sitini na tatu! Na watafiti wenzake wamezitaja mara elfu tatu na mia moja!

— Wamezitaja wapi? aliuliza Mama Birika.

— Kwenye makala zao. Mtafiti akichukua neno la mwenzake, lazima aseme hili nimelitoa kwa fulani. Ndiyo adabu yao.

— Adabu hiyo ikija hapa kijiweni, wewe utakuwa bubu.

— Cheka tu, mama. Sasa sikieni inayoongoza. Ile ya vidole! Wagonjwa thelathini waliokatwa kano, zile kamba zinazokunja vidole. Madaktari wengine huwafunga wiki nne bila kutikisika. Yeye akawaanzisha mazoezi siku ya tatu. Hiyo makala peke yake imetajwa mara mia nne na kumi na mbili!

Wote wakamgeukia Pindo. Pindo naye akahamisha kikombe, kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Miaka mitano nyuma alikuwa anaingiza dukani kioo kikubwa cha wateja kujitazamia. Akateleza kizingitini mwake mwenyewe, kioo kikamwangukia mkononi, kidole kimoja cha mkono wa kulia kikabaki kinaning'inia. Daktari wa kwanza alimwambia atafute kazi ya ulinzi. Wa pili alikuwa huyu mama anayepewa uprofesa. Alimshona kwa muda wa saa nne bila kukaa, na siku ya tatu akaja wodini mwenyewe, akashika kidole chake akisema, "Kunja, baba. Kidogo tu. Niko hapa." Leo Pindo anashona suti. Watoto wanne wanakula kwa mkono huo. Mtu wa namna hiyo akikuuliza "Unasikia maumivu?" huku amekutazama kwa matumaini kama mama anayeonjesha chakula, utamwambia ndiyo? Pindo hakuweza. Akajibu "Hakuna kabisa, Daktari," na tangu hapo akawa hana njia ya kurudi nyuma.

— Mia nne na kumi na mbili gawanya kwa thelathini, Rula alikuwa tayari anaandika mchangani kwa kijiti. Kumi na tatu na karibu robo tatu. Pindo, wewe binafsi umetajwa mara kumi na tatu na robo tatu!

— Robo tatu ndiyo kucha, alisema Mama Birika.

— Msifanye mchezo. Kila aliyeitaja naye amesomwa na watu, tuseme mia. Hao ni watu elfu arobaini na moja na mia mbili walioketi wakakifikiria kidole cha Pindo!

— Wahenga walisema, akadakia Gazeti, kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakumjua Pindo!

— Wala wewe hukuwaelewa wahenga.

— Mama, mimi nasema hivi. Mtu akisemwa sana sikio humwasha. Sasa kidole kinachosemwa na watu elfu arobaini? Pindo, hukisikii kikishtuka alfajiri?

— Hakishtuki, alisema Pindo haraka mno.

— Basi kimezoea umaarufu, alisema Gazeti. Mimi ningekuwa wewe ningedai kupelekwa kwenye mikutano yao. Unapandishwa jukwaani, husemi neno, unakunja, unakunjua, wanapiga makofi, unashuka.

— Kukunja mara kumi na tatu, alisema Rula.

— Na ile robo tatu?

— Anaishia njiani.

Wakacheka hadi benchi likayumba. Pindo naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkwewe. Kisha Rula akakiweka kijiti chini, akavaa sauti ya darasani.

— Lakini tuache utani. Hivi sasa, katika mji tusioujua, kuna daktari ameshika mkono wa mtu. Anasema, nifanyeje? Anafungua makala ya huyu mama. Anakuta wagonjwa thelathini, na wote thelathini wamesema hawana maumivu. Mia kwa mia! Anasema, bismillah, tufanye hivi. Pindo, huyo mtu anapasuliwa kwa ushahidi wako.

Kahawa ikampalia Pindo. Mama Birika akampiga mgongoni hadi ikashuka.

— Hebu niulize, alisema Pindo akifuta macho. Tuseme mmoja kati ya wale thelathini anaumwa.

— Nani?

— Mtu tu. Mfano.

— Akaseme leo? Gazeti alisimama kabisa. Mama wa watu anapewa uprofesa, yeye aende kumlilia kidole? Shukrani ya punda ni mateke!

— Na hesabu itachafuka, alisema Rula. Ishirini na tisa kwa thelathini ni tisini na sita nukta sita, sita, sita, haziishi mpaka kiyama. Utamwachia profesa mzima sita zisizoisha?

Pindo akatazama saa yake. Saa tatu na nusu. Moyoni akasema, basi, nitajibu nilivyozoea, mwaka huu tu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, bahasha kubwa ya eksirei kwapani, viatu vimejaa vumbi la safari. Aliomba kahawa akainywa amesimama. Alikuwa mwepesi wa kusema, kama watu wenye hofu walivyo. Mumewe ni seremala. Msumeno umemkata kano za vidole vitatu, na kesho huyo daktari wa mikono anamshona.

— Dada, umefika! Gazeti aliushika mkono wa Pindo akauinua juu kama mnadani. Kidole chenyewe hiki hapa! Mara mia nne na kumi na mbili! Kiangalie, kiguse, usiogope!

Mwanamke hakukigusa. Alichuchumaa akakitazama kwa muda, kovu lake jeupe na ncha yake iliyopinda kidogo. Kisha akamtazama mwenye kidole.

— Kaka, samahani. Kinauma?

Gazeti alifungua kinywa, akatazama kile kikaratasi juu na chini, akakikunja. Rula, aliyekipima kidole kwa watu elfu arobaini na moja na mia mbili, alitazama mchangani asione namba ya kumsaidia. Mama Birika alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye sahani. Miaka mitano walikuwa wakikionyesha kidole kile kwa kila mgeni, na jibu la swali hilo hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo.

— Kinauma, alisema Pindo.

Alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila shida.

— Kinauma alfajiri, dada, na siku za baridi kinauma kutwa. Ndiyo maana nakuja hapa mapema, nishike kikombe cha moto kabla sijashika mkasi. Ncha yake haisikii kitu, ukiichoma sindano sijui mpaka nione damu. Uzi ananitungia mke wangu. Lakini nashona. Niliambiwa nikawe mlinzi, na leo nashona suti. Kama si yule mama, sijui watoto wangu wangekuwa wapi. Ningekuwa na mikono kumi ningempa yote. Hayo nayo ni kweli.

Mwanamke akavuta pumzi ndefu.

— Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie. Mume wangu anaamini akizinduka tu anashika randa. Namjua. Angesikia maumivu baada ya mwezi angesema ni yeye ameshindwa, angeacha mazoezi. Sasa nitamwambia nimemwona mtu anaumwa na anashona.

Akaaga, akaingia getini.

— Pindo, alisema Gazeti kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Miaka mitano?

— Hamkuniuliza.

— Ulikuwa unacheka nasi!

— Mlikuwa mnafurahi.

Mama Birika akamwekea kikombe kingine mkononi, mkono wa kulia, akamfumbia vidole vyake juu ya ule moto. Rula akafuta mchanga kwa kiatu.

— Nenda kliniki, alisema. Zile sita zisizoisha niachie mimi.

Daktari alikuwa ameinamia fomu, kalamu tayari iko juu ya kisanduku cha "hakuna".

— Karibu, fundi. Maumivu?

— Yapo, Daktari.

Kalamu ikasimama. Pindo akasema yote, ya alfajiri, ya baridi, ya uzi, hakuacha kitu.

— Nilikudanganya kwa sababu nakushukuru. Nisamehe, mama. Na leo ni siku yako kubwa.

Daktari akavua miwani. Pindo akaiinamisha shingo, akingojea hasira.

— Unajua wale walioitaja makala yangu wanaandika nini? Karibu nusu yao wanasema, tumefanya kama yeye, vidole vinakunja, ila wagonjwa wetu wanaumwa. Mbona wa kwake hawaumwi? Miaka mitatu nimetafuta jibu. Nimekagua nyuzi, nimekagua dawa, nimebadilisha mazoezi. Yaani wenzangu wamekuwa wakijilaumu, fundi, wakidhani mimi nina mkono wa ajabu.

— Sasa nimekuharibia.

— Umenisaidia kuliko sifa zote za lile tangazo getini. Na hiyo baridi ina matibabu. Ungeniambia mwaka wa kwanza, usingeteseka hivi. Ahsante. Ahsante sana, baba.

Akachomoa fomu mpya, kisha akasita.

— Na wenzako ishirini na tisa?

Pindo akakuna kichwa.

— Daktari, tulikubaliana pale koridoni, ule mwaka wa kwanza. Tulisema, mama huyu ametuhangaikia, tusimvunje moyo.

Daktari alimtazama, akaanza kucheka, na akicheka hivyo macho yakajaa machozi. Akainuka akafungua mlango. Kwenye viti vya koridoni walikuwapo wote waliofika siku hiyo, wamevaa nguo zao nzuri. Walipomwona wakasimama kwa heshima.

— Habari zenu?

— Nzuri sana, Daktari! Tumepona kabisa!

Daktari akavuta kiti, akaketi katikati yao, kalamu mkononi.

— Ketini, ndugu zangu. Pindo ameshasema. Haya, nani mwingine anaumwa?

Walitazamana. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, mingine vidole havijanyooka vizuri, mpaka koridoni pasibaki mtu aliyeuacha wake chini.