Mkataba Uliomo Kidoleni

Somoe ndiye aliyeniambia kwanza kwamba nimekataa kusoma. Nilishangaa, maana sikukumbuka kukataa. Somoe ni mjane, hana wa kumsemea, kwa hiyo anasoma darasa la siasa la watu wazima pale shuleni. Alisema jina langu limo daftarini na mbele yake pana neno la kukataa. Aliyeandika majina ni kiongozi wa darasa, yaani mume wangu Josephu, ambaye kijiweni wanamwita Winchi kwa sababu anaendesha winchi ya mizigo bandarini. Jioni ile nilimbeba mtoto nikaenda kwa Somoe anakokaanga mihogo, hatua tatu nyuma ya benchi la kijiweni. Nilitaka kumwuliza Winchi, lakini mbele za watu ulimi wangu hulala. Alikuwa na Mzee Omari, aliyekata mkonge Tanga mpaka akaitwa Manamba; Hassani Redio, asiye na redio ila ana habari zote; na Ismaili, muuza kahawa.

— Zamani hapakuwa na serikali, alisema Winchi. Mwenye nguvu akichukua kuku wako, huna pa kushtaki. Watu wakachoka, wakafanya mkataba wa jamii: sisi tutii, serikali itulinde. Ndivyo anavyofundisha Mwalimu Felista.

— Mkataba wa miezi mingapi? aliuliza Manamba.

— Hauna miezi, mzee wangu.

— Hauna miezi! Hata mzungu wa mkonge alinipa kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini, blanketi na nauli ya kurudi. Mimi natawaliwa tangu Mjerumani. Blanketi langu liko wapi?

— Blanketi ni la waliosaini, alisema Redio. Wewe ulisaini?

— Kule mkonge niliweka dole gumba. Huu wenu sijauona.

— Dole moja halitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Na mkono mtupu haulambwi, alisema Ismaili akimimina kahawa. Ndiyo maana wanaupaka wino.

— Sasa aliyesaini ni nani? aliuliza Manamba.

— Adamu, alisema Redio. Kwa niaba ya wote.

— Adamu alikuwa na wino?

— Udongo si ulikuwapo? Alibonyeza dole, akaturithisha. Tazameni vidole vyenu. Hiyo mistari mnadhani ni urembo? Ni nakala! Kila mtu anazaliwa na nakala yake.

Wote wakainama kusoma vidole. Ismaili aliweka buli chini. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikigeuza kidole cha mtoto.

— Changu kimefutika, alisema Manamba kwa hofu. Mkonge umekula mistari yote.

— Basi huna serikali, mzee. Ukiibiwa kuku, nyamaza.

— Nitaanza na kuku wako!

Winchi akasimama.

— Acheni vidole! Jambo kubwa ni ridhaa. Mtu mzima hatawaliwi bila kuulizwa. Anayekusemea bila ridhaa yako ni dhalimu, hata akiwa mfalme!

— Asiyekuwapo na lake halipo, alisema Redio.

— Umenena!

Somoe akanikanyaga mguu. Nikafungua kinywa, kikatoka kikohozi.

Hapo akafika mwanamke mwenye kikapu, kununua mihogo. Alikuwa Mwalimu Felista mwenyewe, mgeni wa mwezi mmoja kutoka Bukoba.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu!

— Josephu, asante kwa daftari. Nimeona mkeo amekataa. Ulipomwuliza, alikujibu nini?

Winchi akakitazama kidole chake kana kwamba jibu limo. Redio, mwenye habari zote, hakuwa na habari.

— Ismaili, niongeze kahawa, alisema Winchi.

— Imekwisha.

Alipogeuka akaniona. Tukaondoka pamoja. Njiani alimbeba mtoto, jambo asilolifanya mbele za watu.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni. Mwalimu alinifungulia daftari, nikaona mwandiko wa mume wangu mbele ya jina langu: “amekata”. Kwanza niliongeza ile “a” iliyosahaulika, maana kosa ni kosa. Halafu nikalipiga mstari neno zima, nikaandika polepole, kwa mkono wangu: “Nimekubali.”