Fundi Miavuli na Majoka Yake Mawili

Kwa barua ya tarehe 11 Agosti 1983, Bodi ya Ukaguzi wa Filamu ilitamka rasmi kwamba filamu ya marehemu, Majoka Yavamia Mji, imekaguliwa mwanzo hadi mwisho na haina chochote kinachoweza kumtisha mtu wa rika lolote. Marehemu aliitia barua hiyo kwenye fremu, akaitundika sebuleni, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi saa na mpiga chapa. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ana akili, ila madaftari yake yamejaa mikia.

Mwaka 1965 alifungua kibanda cha kutengeneza miavuli nyuma ya stendi, akakaa hapo miaka hamsini na mmoja. Siku za mvua foleni ilifika barabarani. Mwavuli uliopona aliurudisha kwa mwenyewe. Usiopona aliuweka, na hatimaye ukawa bawa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule. Ndiye aliyeshona ngozi za majoka, kwa vitambaa vya kijani vilivyobaki. Kamera iliazimwa kwa mpiga picha wa harusi. Mji ulijengwa uani kwa maboksi ya dawa, ukachomwa kama ilivyopangwa. Moto ulipopamba, paka wa nyumbani akakatiza barabara kuu, akiyazidi majoka yote mawili kwa kimo, akaketi mbele ya benki kujilamba.

"Kata! Kata!" marehemu akapiga kelele.

"Ukate nini tena, baba watoto?" mkewe akamuuliza, ndoo ya maji mkononi. "Mji wenyewe umeshaisha."

Paka akabaki ndani ya filamu. Ukumbini walimshangilia. Marehemu alisimama nyuma kwa maonyesho yote kumi na mawili, macho kwenye visogo vya watu, akisubiri mmoja tu ashtuke. Kila mara alirudi nyumbani na habari ile ile: "Wamecheka tena."

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Siku moja wodini alimshika mkewe mkono.

"Mama watoto, niambie kweli. Hata wewe hukuogopa?"

"Niogope sare za shule?" akamjibu, huku akimnyooshea shuka.

Marehemu alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kulikoni. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na kichwa cha joka kilicho juu ya kabati la chumbani. Tangu mwaka 1983 kichwa hicho kimetazama ukutani. Marehemu aliambiwa ni kwa sababu ya vumbi.

Jumatano, dada mtu alipokuwa akipangusa chumba kwa ajili ya wageni, alikigeuza kitazame mlango. Mjane akafika, akasimama kizingitini.

"Wifi, kigeuze hicho kwanza."

"Kina nini? Si mlikishona wenyewe?"

"Wewe kigeuze tu."

Fundi wetu na apumzike kwa amani. Mjane hakuingia mpaka kilipogeuzwa.